Vilima Viwili, Robine Moja

Wiki niliyorudisha funguo za ofisi, vijana wa huduma yetu ya mambo ya jamii waliniomba niwaandikie njia ya kupambana na mabandi, vijana wa magenge ya mitaani, kurasa mbili au tatu, zenye vichwa vya habari. Njia hiyo sinayo. Nimefanya kazi ya assistante sociale, afisa wa ustawi wa jamii, hapa Bukavu tangu nchi ilipobadilishwa jina ikaitwa Zaïre. Nimekaa katika mikutano ya usalama isiyohesabika, na katika kila mkutano kulikuwa na mtu mwenye njia. Mimi nitawaandikia yaliyotokea tu, pamoja na kosa langu, kwa sababu naona mnaelekea kulirudia.

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya zone, yaani wilaya ya mji, na viatu vyeupe, katikati ya masika. Ninyi mnaojua udongo wetu mnaweza kumaliza hadithi hiyo wenyewe. Mkuu wa wafanyakazi alinionyesha meza, kiti, na mashine ya kupigia barua isiyo na herufi E. Katika Kifaransa, mashine ya namna hiyo ni sawa na gari lisilo na magurudumu. Kisha akanipeleka kwa commissaire wa zone, mtu mnene mwenye abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, iliyombana shingoni, naye hakuniambia niketi.

“Citoyenne Nabintu,” akasema, kwa maana siku zile kila mtu aliitwa raia, “kazi yako iko nyepesi. Mabandi wote beko na bamama. Uende uongee na bale bamama.”

“Niongee nao nini, Citoyen Commissaire?”

“Uambie bamama bakataze batoto.”

Hayo ndiyo mafunzo yote niliyopewa.

Sehemu yangu ilikuwa vilima viwili vinavyotazamana, na bonde kati yao. Vijana wa kilima cha juu walijiita Chuma, wa kilima cha chini walijiita Radi. Wengi walikuwa na miaka ishirini na kitu. Baadhi yao walikuwa wamemaliza shule, wengine shule ndiyo iliyowamaliza. Walitembea na minyororo ya baiskeli viunoni, visu, na mara nyingine mapanga ya shamba. Hawakuwa wezi wakubwa. Walipigana kwa sababu fulani alimkata fulani, ambaye naye alikuwa amemkata fulani mwingine, na ukifuata hesabu hiyo kurudi nyuma unafika mahali ambapo hakuna anayekumbuka.

Aliyenifundisha kazi hakuwa wa ofisi yetu. Alikuwa Papa Zihindula, infirmier, muuguzi wa dispanseri iliyokuwa bondeni, mzee mwembamba aliyeshona watu kwa utulivu wa fundi cherehani na kuwasema vibaya wakati wote anawashona. Mwezi wangu wa kwanza nilikwenda kwake kuuliza majina ya mabandi. Alinitazama kana kwamba nimeomba kunyoa ndevu zake.

“Majina ya nini? Majina kila mutu anayajua. Kuya uone hii.”

Akafungua kaye yake, daftari kubwa la kurasa za miraba. Wauguzi wengine waliandika jina la mgonjwa na dawa. Yeye aliongeza vitu vitatu: mahali alipoumizwa, saa, na kitu kilichomuumiza. Nilisoma kurasa kumi na kichwa kikaanza kunigonga. Robine. Robine. Kiwanja cha mpira. Robine. Kiwanja. Robine.

Vilima vyote viwili vilichota maji kwenye robine moja, bomba la mtaa, pale bondeni. Maji yalikuja kwa muda mfupi tu kila siku, foleni ilikuwa ndefu, na kila jerikani iliyosukumwa ilikuwa na kaka nyumbani. Sehemu kubwa ya majeraha ya mwaka mzima ilianzia pale, mbele ya macho ya watu, jua likiwaka. Kilichobaki kilitoka kiwanjani baada ya mechi.

“Sasa unajua,” Papa Zihindula akasema. “Hawa si jeshi. Ni foleni tu ya maji.”

Nilikimbia ofisini na habari hiyo. Niliomba robine ya pili, upande wa kilima cha juu. Commissaire alisema jambo hilo litachunguzwa. Niliandika barua hiyo mara saba katika kazi yangu, kwa macommissaire tofauti, na wote saba walichunguza.

Wakati wanachunguza, walifanya mengine. Mmoja alikataza vijana kusimama zaidi ya wawili pamoja, hata waliobeba jeneza. Mwingine aliwakusanya wote wenye nywele ndefu akawanyoa hadharani, na kesho yake mabandi wakawa wale wale, vichwa vyao tu viking'aa. Mwingine aliamini nyimbo. Aliwapanga mistari kiwanjani waimbe na kucheza kwa heshima ya taifa, Chuma mstari wa kushoto, Radi mstari wa kulia, na infirmier wangu alishona watu tisa jioni ile. Kila mmoja alianza upya, kana kwamba mji umezaliwa siku aliyoshuka kutoka kwenye ndege. Hakuna aliyewahi kuniomba faili ya yule aliyemtangulia. Nilikuwa nayo. Ilikuwa nyuma yangu, kwenye rafu.

Sasa nifike kwenye lile jambo la kosa langu.

Kiongozi wa Chuma alikuwa Mugisho, kijana mrefu, msemaji, fundi wa redio pale mikono yake ilipokuwa haina ubaya wa kufanya. Alikuwa na kaka mkubwa, Safari, mwashi, mtu wa kanisa, ambaye hakuwahi kuingia katika bande wala genge lolote. Walifanana sana. Kiongozi wa Radi alikuwa Bisimwa. Mama yake aliuza makayabu sokoni, samaki wale wa chumvi, na kila mtu alimwita Maman Bisimwa.

Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya lazima, mke wa Safari akiwa na siku nne tu tangu kujifungua, Safari alishuka mwenyewe kuchota maji. Alikuwa ameinama anafunga jerikani yake pale alipochomwa kisu mgongoni, chini ya mbavu. Wanawake wawili walimbeba kwa kitenge mpaka dispanseri, na mmoja wao akaja kuniita, kwa maana nilikuwa jirani, nikifanya visiti zangu za nyumba kwa nyumba.

Nilipoingia, Safari alikuwa amelala kifudifudi, midomo imekuwa rangi ya majivu, na Papa Zihindula alikuwa ametia mkono mzima katika kazi. Mlangoni alisimama Mugisho, na panga. Nje walikuwepo vijana wa Chuma karibu ishirini, wakimngoja.

“Ni Bisimwa,” Mugisho akasema. “Bamama balimuona. Papa, mi nakwenda. Nitarudia.”

Papa Zihindula hakugeuka. “Weka ile kitu chini, kuya hapa.”

“Papa, niko na kazi inje.”

“Kuya hapa, mi nakuambia! Shika hii chupa ya serumu. Uinue. Juu zaidi. Ukishusha mukono, damu itapanda mu mupira, maji haitaingia, na ndugu yako atakufa ju yako.”

Kile chuma cha kutundikia serumu hakikuwepo. Kilikuwa kimeazimwa kwa ajili ya sherehe, kushikia maikrofoni, na hakikurudi. Mugisho aliweka panga juu ya benchi, akaichukua chupa, akainua.

“Hakuna mutu mwingine wa kushika?” akauliza.

“Hakuna.”

Mimi nilikuwepo, nimesimama hatua mbili pembeni, mikono yangu miwili ikiwa mitupu. Papa Zihindula alinitazama juu ya miwani yake, jicho moja tu, na nikaelewa: alikuwa ananipatia muda. Nilitoka kwa mlango wa nyuma.

Nilishuka kilima cha chini nikikimbia, mwanamke mzima, mkoba ukinipiga ubavuni. Maman Bisimwa alikuwa nyuma ya nyumba, anafua shati. Maji ya beseni yalikuwa mekundu. Bisimwa alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, ametapika.

“Nilizania ni Mugisho,” akaniambia, hata kabla sijauliza. “Maman, nilizania ni Mugisho. Yule Safari alijenga nyumba ya tonton, baba yangu mudogo.”

“Alikufa?” mama yake akauliza.

“Bado. Sijui,” nikamjibu. “Lakini Chuma wote wako dispanseri, wanangoja neno moja tu.”

Maman Bisimwa aliacha shati ndani ya beseni. “Mi nitakaa mulangoni. Baanzie kwangu.”

“Wataanzia kwako, maman, kisha watamaliza kwake. Hapana. Uko na ndugu kule Katana?”

“Kaka yangu iko kule.”

Pale chini ya barabara lilikuwepo lori lililoleta ndizi asubuhi, linarudi Katana, nje ya mji, likiwa tupu. Dereva alinijua, nilikuwa nimemtafutia mkewe kitanda cha kujifungulia. Bisimwa alilala chini ya turubai. Kabla sijamfunika, nilimshika sikio kama mtoto wa shule.

“Utarudi siku nitakayokuita. Utasimama mbele ya Safari na kusema ulilofanya. Unaapa?”

“Naapa, maman.”

Najua kuna kati yenu waliosoma sheria watakaosema nilimtorosha mhalifu. Nilimtorosha. Siku ile kituo cha maaskari kilikuwa na watu wawili na hakuna gari, na kama Bisimwa angebaki, tungezika watatu au wanne kabla ya Jumapili. Pakitokea saa ya namna hiyo kwenu, mtaamua wenyewe, na mtabeba wenyewe.

Niliporudi, Mugisho alikuwa bado amesimama. Zilikuwa zimepita zaidi ya saa mbili. Jasho lilimtoka kidevuni, na alikataa katakata kubadilisha mkono. Wale ishirini wa nje walikuwa wamechoka kusimama, wamebaki sita. Njaa nayo ni askari. Safari alifungua macho akauliza kama mkewe amepata maji. Mugisho alipolisikia swali hilo alilia, chupa ingali juu.

Safari alipelekwa hospitali kubwa, wakamfungua, akapona. Hakuweza tena kuinua matofali mengi kwa pamoja, lakini alipona. Na katika wiki tatu za kungoja apone, jambo ambalo sijaliona tena lilitokea: vilima vyote viwili vilichoka siku moja. Mugisho mwenyewe alikuja kwenye meza yangu. Alisema hataki damu ya Bisimwa, anataka Bisimwa aseme. Niliwafuata wazazi wa pande zote mbili nyumba kwa nyumba. Padri wa parokia alitupatia ukumbi wa katekisimu. Nilituma neno Katana, na Bisimwa akarudi kwa miguu yake mwenyewe, amekonda.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mkutano wowote ulihitaji ruhusa ya zone. Nilikaa kwenye mashine, wakati huo ilikuwa mpya na ina herufi zote, nikapiga ripoti nzuri. Nilieleza kila kitu, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba ripoti nzuri inaeleza kila kitu. Ukumbi wa parokia, Alhamisi, saa tatu asubuhi. Wataalikwa wafuatao: na hapo nikaorodhesha vijana kumi na mmoja, jina, jina la baba, nyumba, bande, na nafasi ya kila mmoja katika bande. Nakala tatu kwa karatasi ya kaboni. Nilijivunia orodha ile. Ilikuwa imenyooka kabisa.

Ruhusa ilikuja siku iliyofuata. Ingenipasa nishtuke. Hakuna kilichowahi kutoka katika ofisi ile kwa siku moja.

Alhamisi walikuja wote. Walikuwa wameoga. Mugisho alivaa shati la Safari, lilikuwa fupi mikononi. Bisimwa aliketi kati ya mama yake na kaka wa mama yake aliyetoka Katana. Safari aliletwa kwenye kiti, amefungwa tumbo. Maman Bisimwa alileta chai katika ndoo na mikate. Padri alikuwa hajamaliza ishara ya msalaba tuliposikia lori.

Maaskari waliingia kwa milango yote miwili. Aliyewaongoza alishika karatasi, akasoma majina, na kila aliyesikia jina lake alisimama, kwa maana walidhani ni sehemu ya mkutano. Niliitambua karatasi ile kutoka mbali. Ilikuwa nakala ya tatu, ile yenye kaboni hafifu. Wote kumi na mmoja walifungwa kwa kamba na kupandishwa. Mugisho alinitazama mara moja, wala hakuwa na hasira bado. Alikuwa anashangaa tu. Bisimwa hakuwa amesema neno lake. Safari aliita, “Mungoje, hajasema! Muache aseme kwanza!” Hakuna aliyemngoja.

Nilikwenda kwa commissaire nikiwa sina hata pumzi ya salamu. Alisimama, akanipa mkono.

“Citoyenne, umetusaidia sana. Miaka yote tunawatafuta, weye umewaketisha mu ukumbi moja.”

“Ilikuwa mkutano wa amani, Citoyen Commissaire. Wewe ndiye uliyetia sahihi.”

“Na amani imekuja,” akasema. “Unaona bande mu barabara leo?”

Nilirudi kwenye meza yangu nikaketi. Nilitaka kuacha kazi, na nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuacha. Labda kwa sababu mtu mwingine angeikuta ile rafu.

Jioni nilipanda kwa wazazi, nyumba baada ya nyumba, kabla habari za uongo hazijanitangulia. Nilianzia kwa Maman Bisimwa. Ndoo ya chai ilikuwa bado imejaa mlangoni.

“Ni weye ulibaandika?” akaniuliza.

“Ni mimi.”

“Na uliwaza watafanya nini na majina?”

“Niliwaza watawaalika.”

Alicheka, kicheko kibaya, akaniambia niondoke. Kisha, nilipofika barabarani, akaniita. “Kesho tunapelekea batoto chakula. Ni weye unajua kuongea na maaskari. Uje.”

Nilikwenda. Kila Alhamisi, miezi mitano, mimi na akina mama wa vilima viwili, tukibeba bugali na sombe, majani ya muhogo, kwenye sahani zilizofungwa vitambaa, tukisimama kwenye lango la gereza. Mara nyingine maaskari walikipokea chakula wakakipeleka ndani, mara nyingine walikipokea wakakila wenyewe. Mama wa Chuma na mama wa Radi walianza kugawana mzigo, kwa kuwa njia ilikuwa ile ile. Hakuna kesi iliyosomwa. Siku moja waliachiliwa tu, bila neno, kama walivyochukuliwa. Mugisho alitoka anachechemea. Wawili kati yao walijifunza kule ndani kazi ambayo hawakuwa nayo walipoingia, na baadaye tulisikia habari zao za bunduki kwenye barabara kuu. Na ile miezi mitano, kwa wale mnaopenda operesheni, Chuma na Radi hawakukaa bila viongozi hata wiki moja. Walipata wapya, wadogo zaidi, ambao hawakuogopa mama yeyote.

Kilichobadilika kilitoka kwenye foleni ile ya langoni. Maman Bisimwa na mke wa Safari walikubaliana huko, wamesimama juani, kwamba robine ya pili hawataiomba tena. Mapadri walitoa mabomba ya zamani. Safari, asiyeweza tena kubeba, alisimamia ujenzi. Wakachimba mfereji kila Jumamosi na kuuita salongo, na nani angekataza salongo? Vijana wa pande zote walichimba, wengine kwa kutukanwa na mama zao kutoka asubuhi mpaka saa sita. Hakuna aliyeandika barua, wala mimi.

Robine ya pili ilipoanza kutoa maji, Papa Zihindula alinifungulia kaye yake. Masika yale kiwanja kiliendelea kutoa majeraha yake, nami sidanganyi mtu. Lakini neno robine lilitoweka katika kurasa, isipokuwa mara moja, mtu aliyeteleza. Kisha commissaire mpya alikuja na bendera na maikrofoni, akaizindua robine ambayo watu walikuwa wakiitumia tayari, akashukuru operesheni ya mtangulizi wake kwa kuleta utulivu. Tulipiga makofi. Papa Zihindula alipiga makofi kwa sauti kubwa kuliko wote, akaniuliza sikioni kama nadhani sasa wanaweza kumrudishia chuma chake cha serumu.

Mnataka njia. Mji mkubwa haujui watu wake, sisi tunawajua. Tunajua nani alimkata nani, mama yake anauza nini, maji yanakatika saa ngapi. Mji mdogo unaotumia ujuzi huo kwa kujaza lori umetupa kitu pekee ulicho nacho. Nilisema hivyo katika kila mkutano baada ya hapo. Iliandikwa kwenye ripoti. Inachunguzwa.

Mugisho hakunisemesha tena. Alipita mbele yangu sokoni kana kwamba mimi ni ukuta, kisha akaondoka mjini. Mwezi wangu wa mwisho wa kazi nilikuwa pale magari ya Kamituga yanapopakia, namsindikiza dada yangu, nikaona mtu mzima, mwenye buti za matope, anachechemea kuzunguka gari. Alisimama.

“Maman Nabintu.”

“Mugisho.”

“Niko Kamituga, nachimba zahabu. Niko na bibi na batoto bane.”

Nilikuwa na maneno niliyoyatayarisha miaka mingi. Nilianza, “Ile karatasi...”

“Ile karatasi najua,” akasema. “Na sahani pia najua. Tuliona kupitia tundu, weye na bamama.” Alitupa mzigo wake juu ya gari. “Balisema unaenda kupumuzika. Watakuomba uandike mambo ya kazi.”

“Labda.”

“Andika. Jina yangu tu, usitie.”

Nilimwahidi. Kwa hiyo hakuitwa Mugisho. Wala Bisimwa hakuwa Bisimwa, na bande zile hazikuitwa hivyo. Mkija kwangu Nyalukemba kuniuliza walikuwa akina nani hasa, karibuni, nitawapa chai tu.